Anzia ardhini, kiti cha kreni utakifikia

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nina elimu ya kidato cha nne na leseni ya daraja D. Kwa mwaka na nusu nimekuwa saidia fundi kwenye saiti ya ghorofa hapa Dodoma, na kila siku naitazama kreni ya mnara nikitamani niwe yule aliye kule juu. Nimepata chuo kinachosema kitanifundisha kwa wiki mbili na kunipa cheti cha opereta kwa shilingi laki sita, ambazo ndizo akiba yangu yote. Nilipe? Nisipolipa, nianzie wapi? Rafiki yangu naye ananiambia nikipata cheti tu kuna wakala atanipeleka Uarabuni. Na nikiri kwamba urefu unanitisha kidogo.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo laki sita iache ilipo kwanza.

Sikukatazi kusoma. Mimi mwenyewe siku hizi nafundisha, na nimeona vijana wakifunguka macho darasani. Lakini kwa wiki mbili utakachoshika ni liva: hii inapandisha, hii inashusha, hii inazungusha mkono wa kreni, hii inapeleka toroli la mzigo mbele na nyuma. Kijana aliyezoea usukani hayo huyamudu ndani ya siku chache. Ujuzi unaomfanya mtu aitwe opereta ni kujua mzigo una uzito gani kabla haujaachana na ardhi, kujua ardhi aliyosimamia inabeba nini, na kuwa na ubavu wa kusema "siinui" mbele ya watu ishirini wanaosubiri zege. Hayo hujifunzwa chini, kwenye vumbi, na wewe tayari uko huko. Mwaka na nusu wako wa kubeba ndoo karibu na kreni una thamani kuliko unavyodhani.

Njia ninayokupendekezea inapitia kwa riga. Huyo ndiye anayefunga mzigo, anayechagua mkanda au mnyororo, na anayemwelekeza opereta kwa mikono au kwa redio. Opereta aliye mita 50 juu mara nyingi hauoni mzigo wenyewe. Anamwona riga, au anamsikia tu. Kwa hiyo mwombe fomani wako akuhamishie upande wa ufungaji mizigo, hata kama posho itabaki ile ile. Ukikaa hapo miezi sita kwa bidii, ukiwa na kofia ngumu, glavu na daftari mfukoni, utakuwa umeona mizigo mingi sana ikiinuka, na utaanza kujua upi umefungwa vibaya hata kabla waya haujakaza.

Mimi nilipita huko huko. Miaka miwili nilifunga mizigo Dar es Salaam chini ya opereta mmoja mtu mzima, na katika muda huo wote sikuruhusiwa hata kufungua mlango wa kebini. Kila tulipofika mahali papya na kreni yetu ya matairi, kitu cha kwanza alichonikabidhi ni mtaimbo. "Piga," ananiambia. Napiga ardhi pale utakapokanyaga mguu wa kreni, ule wa chuma unaotolewa pembeni kuishikilia, hatua kwa hatua, mpaka naizunguka kreni nzima. Ardhi iliyoshiba hurudisha sauti fupi, kavu, na mtaimbo unakurukia mkononi. Ardhi yenye uwazi chini huitika kama ngoma. Siku moja kwenye ua wa nyumba ya zamani kule Temeke mtaimbo ukaitika. Tukafukua kidogo, tukakuta mfuniko wa zege wa shimo la choo lililoachwa zamani, limefunikwa kifusi na kuota nyasi juu. Mguu wa kreni ungekanyaga katikati yake. Mwenye nyumba mwenyewe hakujua kama lile shimo lipo.

Nakusimulia hili kwa sababu watu wengi wanadhani miguu ile minne inagawana uzito sawa. Haigawani. Mkono wa kreni ukizunguka na kusimama juu ya kona moja, mguu wa kona hiyo unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote, yaani kreni yenyewe pamoja na mzigo. Ndiyo maana tunaweka mbao nene au sahani chini ya kila mguu, na ndiyo maana opereta mzuri hushuka kwenye kiti chake akazunguka kwa miguu kabla ya kuinua chochote. Kreni tatu nimeziona kwa macho yangu zikiwa zimelala ubavu. Mbili kati yake hazikuwa na mzigo mkubwa hata kidogo. Zilibonyeza ardhi laini baada ya mvua.

Jifunze kukadiria uzito bila kuuliza mtu. Namba tatu ziweke kichwani leo: mita moja ya ujazo ya maji ina tani 1, ya zege lenye nondo ina takriban tani 2.5, ya chuma ina karibu tani 7.85. Ukiona bamba la zege lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na unene wa sentimita 20, zidisha: 3 mara 2 mara 0.2 unapata ujazo wa mita 1.2, mara 2.5 unapata tani 3. Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu kinachoinuliwa pale saiti kwenu: ndoo ya zege, mzigo wa nondo, paleti ya tofali. Andika makadirio yako, kisha muulize opereta kwenye redio kompyuta yake, ile inayopima mzigo, imesoma ngapi. Baada ya mwezi utashangaa jinsi jicho lako lilivyonoleka.

Somo hili nililipata kwa njia mbaya. Nilikuwa na mwaka wa tatu hivi kitini, tukaitwa kuhamisha tangi la chuma la lita 10,000. Tukaambiwa ni tupu, lina tani 2. Niliamini. Nilipokaza waya, kompyuta ya kreni ikaanza kulia. Msimamizi wa kazi, ambaye alikuwa amebakiza saa moja ya kukodi kreni, akanipigia kelele nizungushe ule ufunguo wa kunyamazisha king'ora. Nikazungusha. Tangi likaachana na ardhi, na hapo hapo nikasikia kiti kinainama mbele kwa namna ambayo sijawahi kuisahau. Riga wangu alikuwa anapunga mikono yote miwili: mguu wa nyuma wa kreni ulikuwa umeinuka, unaweza kupitisha kiganja chini yake. Nilishusha taratibu, Mungu akasaidia, hakuna aliyeumia. Tulipofungua mfuniko tukakuta tangi lina maji na tope karibu theluthi nzima. Theluthi ya lita 10,000 ni zaidi ya tani 3, juu ya zile 2 tulizoambiwa.

Tangu siku ile sijagusa ufunguo huo mzigo ukiwa kwenye ndoano, na wanafunzi wangu nawaambia mtu yeyote atakayewaamuru wauguse, wazime injini washuke. Pia tangu siku ile kila mzigo nisioujua nauinua kidogo tu, sentimita chache, kisha nasubiri. Natazama kompyuta, natazama miguu, natazama kama mzigo umelala sawa. Kusubiri huko ni kwa sekunde kumi tu.

Kitu kingine utakachokikuta ni chati ya mizigo, lile jedwali linalobandikwa ndani ya kebini. Vijana wengi huiogopa kwa sababu imejaa namba na maneno ya Kiingereza, lakini wazo lake ni dogo. Kreni inayoitwa ya tani 50 hubeba tani 50 mahali pamoja tu: karibu kabisa na mwili wake, kama mita 3 kutoka kitovu cha mzunguko. Tani 50 mara mita 3 ni 150. Ukipeleka mzigo mita 15, gawanya 150 kwa 15, unapata 10, na chati halisi itakupa chini ya hapo kwa sababu mkono wenyewe uliorefushwa nao una uzito. Kwa hiyo mtu akikuambia "si kreni ya tani 50, inashindwaje tani 12?", muulize umbali ni mita ngapi. Na jambo ambalo hata waliokaa kitini miaka mingi hulisahau: ndoano, mikanda, minyororo na boriti ya kunyanyulia vyote vinahesabiwa kama mzigo. Viondoe kwenye namba ya chati kwanza, kinachobaki ndicho halali yako. Mwombe opereta wenu akupe picha ya chati yake uisome jioni. Kreni ya mnara nayo inayo, na ni rahisi zaidi kuisoma: kadiri toroli linavyoenda mbali na mnara ndivyo tani zinavyopungua.

Upande wa riga kuna hesabu nyingine, ya pembe. Chukua mzigo wa tani 4 uliofungwa kwa mikanda miwili. Mikanda ikisimama wima, kila mmoja unabeba tani 2. Ikiinama hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba tani 2.3. Nyuzi 45, tani 2.8. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mkanda unabeba tani 4 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Nimeona watu wakifupisha mikanda ili mzigo upite chini ya boriti, bila kujua kwamba wamezidisha mara mbili kile ambacho mkanda unavutwa. Ukitaka kuiona nguvu hiyo bila hatari, chukua ndoo ya maji na kamba mbili, mwenzako ashike moja na wewe moja, kisha mrudi nyuma kila mmoja polepole. Mikono yenu itawafundisha kuliko ubao.

Na kabla ya kufunga, kagua. Mkanda uliochanika ukingoni kwa urefu wa ukucha hautumiki. Waya wenye nyuzi zilizokatika na kusimama kama miiba hautumiki. Ndoano isiyo na kile kifuniko chake cha kuzuia mkanda usitoke haitumiki. Tumia glavu unapoupapasa waya, maana ile miiba huingia nyama.

Ishara za mikono zijifunze zote, lakini mbili zishike kama jina lako. Mkono ulionyooshwa pembeni, kiganja kikitazama chini, ukipepea kushoto na kulia, ni simama. Mikono yote miwili ikifanya hivyo ni simama kwa dharura. Opereta hufuata ishara za mtu mmoja tu aliyepewa kazi hiyo, isipokuwa ishara ya kusimama: hiyo akiitoa yeyote, hata mama ntilie anayepita na sufuria, kreni inasimama. Mwelekezaji akipotea machoni au redio ikinyamaza, kreni nayo inasimama. Na usiruhusu mtu apite chini ya mzigo, na wewe usipite.

Sasa, kreni zenyewe. Umeipenda ya mnara kwa sababu ndiyo unayoiona, lakini mara chache ndiyo inayompokea mtu anayeanza. Kwa kijana mwenye leseni kama wewe, mlango ulio wazi zaidi nchini kwetu ni lori lenye kreni yake mgongoni, lile ambalo watu wote wanaliita Hiab hata kama limetengenezwa na kampuni nyingine. Linabeba nguzo, jenereta, matangi, matofali. Dereva wake ndiye opereta wake, mara nyingi ndiye riga pia, na humo utajifunza miguu, ardhi, chati na nyaya za umeme kwa mzigo mdogo. Ukiongeza leseni yako hadi daraja la magari makubwa, na ukawa umefanya kazi ya riga, una kitu mkononi cha kumwonyesha mwenye gari.

Nyaya za umeme zinataka neno la peke yake. Mistari ya TANESCO ya kilovolti 11 na 33 ndiyo inayopita mitaani na kwenye saiti zetu, na haina mpira wa kuikinga kama ule wa nyumbani. Si lazima uiguse. Ukikaribia mno, umeme unaruka wenyewe. Omba mstari uzimwe. Usipozimwa, weka mtu ambaye kazi yake ni kutazama umbali tu, na asifanye jingine lolote. Ikitokea mkono wa kreni umegusa waya, baki ndani ya kebini, sogeza mkono utoke kama inawezekana, na wapigie kelele walio chini wakae mbali na gari. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka miguu ikiwa pamoja bila kushika gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa hatua fupi za kuburuta nyayo.

Kuna kreni za ndani ya viwanda, zile zinazotembea juu ya reli darini. Hazina sifa mitaani, lakini ni kazi tulivu, ya kivuli, yenye zamu zinazoeleweka, na viwanda vya saruji na vya chuma huzitumia kila siku. Kuna kreni za minyororo, zile zinazotembea kwa minyororo kama tingatinga, kwenye ujenzi wa madaraja na mabwawa. Halafu kuna bandari. Opereta wa kreni ya gatini pale Dar es Salaam au Mombasa anakaa juu sana kwenye chumba chenye sakafu ya kioo, ameinama, anatazama chini kati ya miguu yake, anashusha fremu ya chuma ipate pembe nne za kontena lililo ndani ya meli inayoyumba. Shingo na mgongo ndivyo vinavyochoka. Kontena moja lililojaa linaweza kufika tani 30 na ushee, na tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria za kimataifa zinataka kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Huko watu hawaingii kwa wiki mbili. Wengi huanza na foklifti, wakaja mashine za kupanga makontena uwanjani, ndipo kreni. Kama moyo wako uko bandarini, Chuo cha Bandari kilichopo Temeke, kinachomilikiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, hufundisha waendesha mitambo wa bandari. Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Bandari Maritime Academy inafanya kazi hiyo. Na niwaambie dada zetu wanaosoma hapa: kiti hiki kinataka mkono mtulivu na jicho makini, na wanawake wanakikalia vizuri.

Nirudi kwenye laki sita yako. Kabla ya kulipa chuo chochote, nenda mwenyewe ukakione. Waombe wakuonyeshe kreni watakayokufundishia. Kama ipo kwenye picha tu, ondoka. Uliza saa ngapi utakaa kitini wewe binafsi, maana wanafunzi 30 kwenye kreni moja kwa wiki mbili hawapati hata siku nzima kila mmoja. Uliza kama kreni ina cheti cha ukaguzi kutoka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sababu vifaa vya kunyanyulia lazima vikaguliwe, na chuo kinachofundishia kreni isiyokaguliwa kinakufundisha tabia mbaya siku ya kwanza. Uliza cheti kinatambuliwa na nani, kisha nenda ofisi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ukathibitishe kwa mdomo wako. VETA pia wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Nenda na barua ya fomani wako, ukaulize kama fani yako imo. Kwa Kenya, mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hufanya kazi inayofanana.

Nikishika pesa yako ningeigawa hivi: sehemu ya kuongeza leseni, sehemu ya kununua viatu vyenye chuma mbele na glavu nzuri, sehemu ya kozi ya ufungaji mizigo na usalama, na iliyobaki ningeiweka ikingoja kozi ya kreni yenyewe mwakani, nikiwa najua cha kuwauliza walimu. Na ningekwenda hospitali kupima macho mapema. Mtu asiyeweza kukadiria umbali vizuri, au mwenye kifafa, au ambaye shinikizo lake la damu halijadhibitiwa, ni bora ajue sasa kuliko baada ya kutumia akiba yake.

Kuhusu Uarabuni. Kazi ipo, na nimefundisha vijana waliokwenda wakarudi na nyumba. Lakini kule mwajiri wa maana hatakubali cheti cha wiki mbili. Atataka uzoefu wa miaka, na atakupeleka kwa kampuni huru ya ukaguzi upimwe upya, kwa maandishi na kitini, kwa Kiingereza: kusoma chati, ishara za mikono, hesabu za uzito. Asiyejua anarudishwa au anageuzwa kibarua. Wakala lazima awe na leseni ya kupeleka wafanyakazi nje, na hilo unalithibitisha kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira, kabla hujampa mtu pasipoti yako. Joto nalo ulijue. Falme za Kiarabu huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba, na si bure. Jenga kwanza miaka mitatu au minne hapa nyumbani.

Hapa nyumbani malipo ya opereta yanazidi ya saidia fundi kwa mbali, ila yanatofautiana sana kati ya mwenye mkataba na anayeitwa kwa siku. Dai mkataba wa maandishi, na hakikisha mwajiri anakuandikisha NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nalikazia hili kwa sababu kreni ikianguka, mtu wa kwanza kuulizwa ni opereta. Kwa hiyo weka daftari lako mwenyewe: tarehe, ulichokagua asubuhi, hitilafu uliyoripoti, uliyemwambia, na saa. Mimi yangu ninayo tangu mwaka wa kwanza, na mara moja iliniokoa mbele ya wachunguzi, pale ilipoonekana kwamba breki iliyolegea niliiripoti siku tatu kabla.

Nimebakiza hofu yako ya urefu, na upepo, ambao huko Dodoma mnaujua vizuri. Hofu ndogo usiione aibu. Ngazi ya mnara imegawanywa kwa vituo vya kupumzikia. Panda na mkanda wa usalama umefungwa, mikono yote miwili ikiwa huru, vitu vyako vikiwa kwenye begi mgongoni, na mtazamo wako kwenye kipandio kilicho mbele ya uso. Nimewaona walioanza wakitetemeka magoti wakawa waangalifu kuliko wale waliopanda wakipiga mluzi. Lakini ukifika kituo cha tatu ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu na mikono kukosa nguvu, na ikawa hivyo tena wiki inayofuata, mwili umekujibu. Kreni za matairi na za kiwandani zinakusubiri, na heshima yake ni ile ile.

Upepo ndio unaopaswa kuuogopa zaidi. Bamba pana la chuma au shata za zege, yale mapana yanayoshikilia zege bichi, hugeuka tanga, na mzigo ulioinuliwa salama asubuhi saa mbili unaweza kukushinda saa nane mchana. Kreni nyingi za mnara watengenezaji wake wanataka kazi isimame upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, na kwa mizigo mipana unasimama mapema zaidi ya hapo. Unapomaliza kazi, ndoano inapandishwa juu bila mzigo, na breki ya mzunguko inafunguliwa ili mkono wa kreni ujigeuze wenyewe kufuata upepo. Umewahi kuona mkono wa kreni yenu ukizunguka usiku bila mtu? Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani ukiufunga, upepo utausukuma mnara wote.

Kreni za minyororo zenye mkono mrefu zina kanuni yake: dhoruba ikitarajiwa, mkono unalazwa chini. Wengi wetu tunaikumbuka Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2015, siku chache kabla ya Hija, kreni kubwa ya ujenzi ilipoanguka kwenye Msikiti Mtakatifu wa Makka wakati wa dhoruba na kuua watu zaidi ya 100. Haikuwa inanyanyua kitu wakati ule. Mkono wake ulikuwa umeachwa umesimama, kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kila kundi jipya la wanafunzi wangu huanza somo la upepo na tukio hilo, na huwa sizungumzi haraka ninapolieleza.

Jumatatu ukifika saiti, mtafute riga wenu kabla ya kazi kuanza, wakati anakagua mikanda. Mwambie unataka kumsaidia kuikagua. Halafu mwombe opereta akueleze kuhusu ile breki ya mzunguko jinsi anavyoiacha jioni. Niandikie baada ya mwezi, uniambie makadirio yako ya uzito yanapishana na kompyuta kwa kilo ngapi.